Kondoo wa Februari

Vitofali nilivinunua Kongowea, kwa debe,
kwa muuza mitumba mmoja, Ngowa,
aliyedhani ni vifungo vya makoti.
Kimoja kina alama za meno ya mtoto
wa nchi nisiyoijua baridi yake.
Nilivitia sabuni, nikavianika paani, Majengo,
kati ya soksi na kanga,
kunguru akaondoka na chekundu kimoja.

Picha nilipewa na mpishi wa meli,
Gennadi, aliyekosa shilingi za vocha
akanilipa kalenda.
Imekwisha miaka tisa, nami bado niko Februari:
garimoshi jeusi limesimama thelujini,
nyota nyekundu kifuani, magurudumu manane,
dohani imetokeza kama mdomo wa birika.
Kwao, alisema, kwa mikono zaidi ya maneno,
hili huitwa Kondoo.
Akalia "mee" pale dirishani pangu,
foleni nzima ikageuka.

Leo ni usiku wa kumi na saba.
Meza ya kulia imekuwa karakana,
tunakula mkekani, halalamiki mtu
ila wifi yangu Mishi:
"Miaka hamsini na mmoja, na midoli!"
Simjibu. Natafuta cheusi cha mbili kwa nne.
Vyeusi vimeniishia tumboni mwa bwela,
kwa hivyo ubavu wa kushoto ni wa buluu,
na ubavu huo nimeuelekeza ukutani,
kama mtu anayepigwa picha kwa shavu zima.

Swabra, mwanangu, kazi yake kupima.
"Mama, reli zao pana, futi tano kamili.
Ya zamani ya hapa ni mita moja.
Hii mpya iko katikati.
Kondoo wako hapiti kokote."
Namwambia hakuja kupita.

"Na mbona si injini ya kwetu?"
Nabana pini ya gurudumu midomoni
nisije nikajibu upesi.
Ya kwetu, mwanangu, naijua.
Ilikuwa ikimrudisha babu yako alfajiri
ananuka mafuta mazito, hasikii salamu,
tunamgongea sahani kwa sahani
naye anatabasamu upande usio na mtu.
Vidole viwili alivisahau Changamwe,
kwenye bawaba ya mlango wa tanuri.
Ya kwetu ina deni na nyumba hii.
Hili la ugenini halijanichukulia kitu.

Fimbo ya kuunganisha magurudumu imekataa mara nne.
La tatu likizunguka, la nne linanuna.
Saa sita na robo nakata kijiti cha mshikaki,
nakipiga msasa, nakipenyeza,
nasukuma kwa kidole kimoja,
na yote manane yakakubali kwa pamoja,
na mimi, mtu mzima, nikasema shhhh-ka, shhhh-ka,
mpaka Swabra akaamka.

Dereva hakuwamo debeni. Alikuwamo mwanaanga
asiye na kofia wala mkono wa kulia.
Nikamsimamisha mbele ya tanuri,
kichwa kikageukia
upande usio na mtu.
Sikupanga hivyo. Shingo yake ni mbovu.

Ikabaki theluji, na vyeupe sina.
Jumapili tulipika wali wa nazi,
machicha nikayakausha juani,
nikayamwaga relini, nikarudi nyuma:
Februari, kabisa,
na feni inaipeperusha kidogo.

Asubuhi sisimizi walikuwa wameingia chini ya mlango,
mstari mmoja mwembamba, mweusi, haukatiki,
kila mmoja na chembe yake ya baridi,
unapanda mguu wa meza, unashuka,
unapita ubavuni mwa Kondoo, ule wa buluu,
bila hata kumwamkia,
unaelekea ufa wa ukuta.
Mishi alishashika ufagio.
Nikamwambia, ngoja, wifi.
Ngoja ipite kwanza.